iPhone 16 Pro Max au Galaxy S25 Ultra: iachie uamuzi kazi isiyorudiwa

Swali: Fundi, habari za kazi? Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwisho wa wiki narekodi video za harusi na mahafali. Nimetumia Samsung miaka sita na hii niliyonayo betri imeshachoka. Nimejichanga ninunue simu moja ya daraja la juu nikae nayo miaka mitano, na nimebaki na mbili: iPhone 16 Pro Max na Galaxy S25 Ultra. Kalamu ya Samsung naitamani, maana kazi za wanafunzi hunijia kwa PDF na kuzisahihisha kwa kidole ni adhabu. Lakini wenzangu wa video wanasema nisiponunua iPhone nimepotea. Nimesoma sifa za simu hizi mpaka zimenichanganya. Wewe unazifungua kila siku. Ungekuwa mimi ungechukua ipi?

Jibu: Mwalimu, salama kabisa. Jibu nalitanguliza ili usisome kwa wasiwasi: ningekuwa wewe ningechukua iPhone 16 Pro Max. Na ningeichukua huku nikijua kwamba kalamu nitaikosa, na kwamba kioo cha ile nyingine ni kizuri zaidi.

Sababu umeiandika mwenyewe kwenye swali lako. Una kazi mbili. Insha uliyoikosea alama leo utaifungua kesho uirekebishe, mwanafunzi asijue hata kilichotokea. Bibi harusi hatakula kiapo mara ya pili kwa sababu kamera yako ilikuwa inahangaika kutafuta fokasi. Simu inapobebeshwa kazi mbili, mimi huiacha ile isiyorudiwa ndiyo ichague, na ile inayorudiwa naitafutia njia nyingine. Wenzako basi wamepata jibu sahihi, ila sababu waliyokupa si sahihi. Mtu mwenye S25 Ultra hajapotea hata kidogo, na kuna wateja wangu wawili watatu ambao ningewashauri hiyo bila kusita.

Kwanza tupunguze mzigo wa sifa zilizokuchanganya. Ukizipanga simu hizi mgongo kwa mgongo utacheka: zote zina kioo cha inchi 6.9, zote zina upana wa milimita 77.6, zote fremu ni ya titani. iPhone ina gramu 227, Samsung 218. Prosesa ya moja ni A18 Pro, ya nyingine ni Snapdragon 8 Elite, na hapo sitakupotezea muda, kwa sababu katika kazi zako hakuna itakayokwama. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, gigabaiti 8 kwa 12, nayo usiilinganishe kama unavyolinganisha magunia, maana mifumo yenyewe inatumia kumbukumbu kwa namna tofauti.

Namba inayowadanganya watu zaidi ni ile ya megapikseli: 200 za Samsung dhidi ya 48 za iPhone. Mtu akiiona anadhani moja inaona mara nne ya mwenzake. Kumbe kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, yaani sensa ya kamera kuu, karibu kinalingana ukubwa katika simu zote mbili. Ni shamba lile lile, moja limekatwa vipande milioni 200, jingine milioni 48, na mvua inayonyesha ni moja. Vipande vidogo vikiwa peke yake havipati mwanga wa kutosha, ndiyo maana Samsung huviunganisha kumi na sita kumi na sita na kukutolea picha ya megapikseli 12. iPhone kwa kawaida hukutolea 24. Hizo 200 zina maana mchana kweupe, kitu kikiwa kimetulia, ukitaka kukata kipande cha picha ukikuze. Ukumbini saa tatu usiku hazikusaidii kitu.

Jambo ambalo lina maana ukumbini, na ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha, ni umbali. Chukua simu yako ya sasa, simama pale unaposimama siku zote kwenye mahafali, kisha angalia unavuta mara ngapi ili mgeni rasmi ajae kwenye kioo. Nikiwatazama wapiga video wanaokuja kwangu, wengi wanaishia kati ya mara mbili na mara nne. Sasa tazama lenzi. Samsung ina lenzi mbili za kuvuta, ya mara 3 na ya mara 5. iPhone 16 Pro Max ina ya mara 5 peke yake. Kwenye mara 2 iPhone haina shida, kwa kuwa inachukua katikati ya ile sensa ya megapikseli 48 na picha inabaki safi. Ila ukienda mara 3 au mara 4, inaendelea kuukuza ule ule mwonekano wa kamera kuu, na nyuso zinaanza kuwa laini kama zimepakwa mafuta. Hapo Samsung inashinda, tena kwa picha za uso wa mtu mmoja ile lenzi ya mara 3 ni tamu kweli. Apple wenyewe ni kama waliliona pengo hilo, maana iPhone 17 Pro Max iliyotoka Septemba 2025 lenzi yake ya kuvuta imerudishwa mara 4. Ukichukua 16, basi dawa ni miguu yako: sogea mpaka mara 2 itoshe, au rudi nyuma mpaka mara 5 ikae vizuri. Usijenge mazoea ya kusimama katikati.

Kwa nini basi nisikwambie uchukue Samsung, mambo yakiwa hivyo? Kwa sababu ya yale yanayotokea kamera ikiwa inaendelea kurekodi. Harusini si vipande vya sekunde kumi unavyorekodi, ni dakika kumi na tano mfululizo. Maharusi wanatoka mlangoni kwenye jua, wanaingia ukumbini kwenye taa za njano, mshehereshaji anawasha taa za rangi. Katika safari hiyo iPhone hubadilisha mwanga taratibu, kama mtu anayefungua pazia kwa mkono. Samsung imepiga hatua kubwa, lakini ukihama kutoka lenzi moja kwenda nyingine katikati ya rekodi, rangi ya ngozi bado hurukaruka kidogo. Vazi jeupe likigeuka kuwa la maziwa kwa nusu sekunde kila unapovuta, wewe ndiye utakayekaa usiku kulirekebisha. Na anayecheza chini ya mwanga hafifu, kwenye picha ya mnato, Samsung hupenda kumtoa na ukungu mikononi, kwa kuwa shata yake hukaa wazi muda mrefu zaidi ili kukusanya mwanga.

Zote mbili zinarekodi 4K, ule ukali mkubwa wa video, kwa picha 120 kwa sekunde, kwa hiyo ule mwendo wa taratibu wa maharusi wakirushiwa maua utaupata popote. Samsung inaongeza 8K, ukali mkubwa kuliko huo. Mteja wako ataitazama video kwenye simu, pengine kwenye televisheni ya 4K. Achana na 8K.

Sauti ndiyo iliyonipunguzia kusita kabla ya kuichagua iPhone. Ina maikrofoni nne za kiwango kizuri, na baada ya kurekodi unaweza kupunguza kelele za nyuma ili anayezungumza asikike. Samsung nayo ina zana ya kufuta kelele, tena nzuri, ya upepo hasa. Kwa ukumbi wenye mwangwi hakuna inayofanya miujiza. Ukishanunua simu, fedha inayofuata iende kwenye maikrofoni ndogo isiyo na waya ya kubandika kwenye koti la bwana harusi. Tofauti itakayoletwa na kidude hicho ni kubwa kuliko tofauti yote ya simu hizi mbili.

Sasa hifadhi, na hapa nisikilize vizuri maana nimeumia mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa narekodi mahafali ya mtoto wa dada yangu kwa simu ambayo jina lake naliacha. Walipofika herufi yake, kioo kikaniletea ujumbe kwamba nafasi imejaa. Nikaanza kufuta picha kwa haraka, mikono inatetemeka, na niliponyanyua kichwa mtoto alikuwa ameshashuka jukwaani na cheti chake. Dada yangu hajanisamehe mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, simu haikuwa na hatia.

Hakuna kati ya simu hizi mbili inayopokea kadi ya memori. Utakachonunua ndicho utakachoishi nacho. Kwenye iPhone, dakika moja ya 4K ya picha 60 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 400, kwa hiyo saa tatu za harusi ni kama gigabaiti 72. Simu ya gigabaiti 256, ukitoa mfumo, WhatsApp na picha za familia, inabeba harusi mbili na ya tatu inaanza kubana. Kama mfuko unaruhusu, chukua 512. Kuna pia ile namna ya kurekodi iitwayo ProRes, ambayo vijana wa video wanaipenda kwa sababu rangi zake zinavumilia kuhaririwa. Hiyo kwa 4K ya kawaida inakula kama gigabaiti 6 kwa dakika. Simu ya 256 ikiwa tupu kabisa haifikishi dakika 45. Usiiguse mpaka uwe na sababu.

Ukiwa na sababu, iPhone inakuruhusu kuchomeka diski ya SSD ya nje na kurekodi ProRes moja kwa moja humo. Nikuonye juu ya waya lakini. Tundu la USB-C la iPhone 16 Pro Max lina uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, ila waya uliomo kwenye boksi ni wa kuchajia, wa kizazi cha USB 2, unaopitisha megabiti 480 tu. Yaani mlango ni wa lori, njia ni ya baiskeli. Nimeletewa simu zaidi ya moja kwamba "tundu limeharibika, faili zinahama polepole", nikachomoa waya mweupe wa boksi nikachomeka wa USB 3, mwenye simu akabaki ananitazama. Sikutoza hela.

Nilikwambia kioo cha Samsung ni kizuri zaidi. Usiniamini, jaribu mwenyewe ukifika dukani. Omba zote mbili zizimwe vioo, uzilaze juu ya meza chini ya taa, kisha inama uzitazame. Kwenye iPhone utaiona taa nzima na uso wako, hata meno ukicheka. Kwenye S25 Ultra utaona weusi mzito na taa imebaki kama kivuli cha taa. Kioo chake kinaitwa Gorilla Armor 2, na kina tabaka la kupunguza mng'ao. Kwenye jua unaona unachorekodi badala ya kukisia. Ni jambo la maana kwa mtu wa video, silifichi. Ila ukibandika protekta ya kawaida juu yake, umelifunika tabaka hilo na faida yote imekwenda. Nawaona kila wiki: mtu amelipia kioo kisichong'aa, halafu anakivisha kingine kinachong'aa.

Kalamu. Kwa kusahihisha PDF ni raha, kuzungushia kosa, kuandika alama pembeni, kuweka sahihi. iPhone haina kitu cha kulinganisha, hata Apple Pencil haifanyi kazi juu yake. Lakini wengi hawajui kwamba kalamu ya S25 Ultra imeondolewa Bluetooth. Kwa hiyo ule mchezo wa kuisimamisha simu kwenye stendi ya miguu mitatu, ukakaa mbali na kubofya kitufe cha kalamu ili ipige, haupo tena. Kwenye S24 Ultra ya 2024 ulikuwepo. Kama kilichokuvutia ni hicho, tafuta hiyo S24 Ultra. Kama ni kusahihisha tu, fikiria tableti ya daraja la kati yenye kalamu yake. Kioo kikubwa kinamfaa zaidi mtu mwenye insha arobaini, na shingo yako itakushukuru.

Miaka mitano ni mingi kwa betri, na hapa Samsung ina hoja. Mzunguko mmoja wa betri ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni asilimia 50 leo na 50 kesho. Apple wanasema betri ya iPhone hii imeundwa ibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1000. Samsung, kwenye lebo za Umoja wa Ulaya zilizoanza Juni 2025, wameandikisha S25 Ultra kwa mizunguko 2000. Mtu wa video anamaliza mzunguko mmoja kila siku, kwa hiyo 1000 ni miaka isiyotimia mitatu. Ukichukua iPhone, hesabu kabisa kwamba kuelekea mwaka wa tatu au wa nne utabadilisha betri mara moja. Si msiba. Simu zote mbili zina mpangilio wa kuifanya chaji iishie asilimia 80. Uwashe siku za wiki ukiwa shuleni, uuzime Ijumaa usiku. Na usirekodi huku unachaji juani, joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine. Chaja, kwa taarifa yako, hazimo kwenye boksi la yoyote. Samsung inapokea hadi wati 45 kwa waya na ndiyo inayojaa upesi zaidi.

Siku ya kubadilisha hiyo betri, jua mambo mawili. Simu hizi zimezibwa kwa gundi ili maji yasiingie, na ikishafunguliwa, kinga hiyo haipo mpaka gundi mpya iwekwe sawasawa. Fundi akikurudishia simu baada ya dakika kumi na tano akakwambia bado haiingii maji, mshukuru na usimjaribu. La pili ni la iPhone: betri, kioo au kamera isiyo halisi ikiwekwa, simu yenyewe itaandika kwenye mipangilio, pale inapojieleza, kwamba kuna sehemu isiyojulikana. Hata sehemu halisi inahitaji kusajiliwa upya baada ya kufungwa, na tangu mfumo wa iOS 18 hilo linafanyika kwenye simu yenyewe. Wateja wananilalamikia kuhusu ujumbe ule, mimi naupenda, hasa kwa anayenunua iliyotumika. Unaufungua kabla hujalipa, na simu inakusimulia ilikopitia.

Kuhusu masasisho huna pa kukosea. Samsung waliahidi miaka saba ya mfumo na usalama, kwa hiyo S25 Ultra ya 2025 inafika 2032. Apple hawajatoa ahadi ya miaka saba kama hiyo, ila matendo yao yanaonekana: iPhone XS ya 2018 ilipata mifumo mipya hadi iOS 18 ya 2024. Miaka yako mitano imo katika zote.

Kitu kidogo kinachowaumiza watu wengi ni laini. iPhone 16 Pro Max iliyotengenezwa kwa soko la Marekani haina kabisa mahali pa kuweka laini ya plastiki, ni eSIM tu, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu. Matoleo mengi ya kimataifa yana nafasi ya laini moja pamoja na eSIM. Mwombe muuzaji akuonyeshe kijidroo cha laini kwa macho, na kama ya pili unaitegemea, uliza kwanza kampuni yako ya simu kama inatoa eSIM. S25 Ultra ya kimataifa inakubali laini mbili za plastiki bila maswali. Kama una laini mbili na kampuni zote mbili hazijui eSIM, hilo peke yake linatosha kuligeuza jibu langu.

Mwisho ni kuhama. WhatsApp inahamishika kutoka Samsung kwenda iPhone kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS, lakini inataka iPhone iwe mpya au iliyofutwa, wakati ule ule unapoiwasha na kuipanga. Ukishaingia na kuanza kuitumia, mlango umefungwa mpaka uifute uanze upya. Kwa hiyo usiiwashe dukani kwa furaha ukaanza kupiga picha na muuzaji. Nenda nayo nyumbani, zote mbili ziwe kwenye chaji na kwenye Wi-Fi moja, uwe na saa mbili za kukaa. Na hiyo Samsung yako yenye betri iliyochoka usimpe mtu wala usiifute kwa mwezi mmoja hivi, kwa sababu siku utakapokumbuka kuna kikundi cha wazazi wa kidato cha nne ambacho hukukihamisha, huwa ni siku ya kikao.